Bwana Shamba Yupo Mlangoni

Kila mwisho wa juma magari mengi ya watu wetu hutoka Maskati yakashika njia ya Batina, kuelekea Barka, Musanaa na Suwaiq. Ndani yake mna watoto, birika za chai, vikapu vya vyakula, na wazee wanaokwenda kutazama mashamba. Wengi katika sisi hatuishi kwa kilimo. Tunaishi kwa mishahara ya maofisini, mahospitalini na maskulini. Hata hivyo, ni nadra kuikuta nyumba isiyokuwa na mitende kadhaa ya urithi, au miembe michache iliyoachwa Unguja au Pemba ikitunzwa na jamaa. Shamba hilo huhesabiwa kuwa ni baraka. Lakini ukiuliza limeingiza nini mwaka uliopita, mara nyingi jibu ni kicheko.

Makala haya yanamhusu mtu ambaye kazi yake ni kukigeuza kicheko hicho kiwe hesabu. Kwetu tumezoea kumwita bwana shamba au bibi shamba. Katika lugha ya maofisi huitwa afisa ugani. Wengi humdhania kuwa ni mtu wa kugawa mbolea na dawa. Kumbe faida yake kubwa iko kwengine, nami nililijua hilo kwa kuchelewa, na kwa gharama.

Mindimu ya Ami

Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na shamba la mindimu huko Batina. Zamani hizo ndimu ilikuwa na heshima kubwa Omani. Baada ya tende, hakukuwa na tunda lililoingiza fedha kama hilo. Zilianikwa juani mpaka zikawa nyeusi na nyepesi kama maganda ya mayai, kisha zikapelekwa masoko ya Ghuba na kwengineko, kwani hakuna mchuzi wa watu wa pande hizi unaokamilika bila ya ndimu kavu. Ami akisema kuwa tende ni chakula na ndimu ni mfuko.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuja kijana mmoja, afisa wa kilimo. Ami akamkaribisha kama desturi ilivyo, akamtilia kahawa, akamwekea halua. Kijana hakukaa sana. Aliinuka akazunguka shambani, akarudi na kitawi mkononi. Kitawi hicho kilikuwa na vijani vidogo vidogo, vilivyopauka rangi, vimesongamana kama nyuzi za ufagio.

Akasema, “Ami, miti kumi na moja imeshika maradhi haya. Ikatwe na ichomwe moto wiki hii, wala usichukue kitawi chochote cha kupandikiza.”

Ami akautazama ule mti wa karibu, ulivyojaa majani, akamjibu, “Mwanangu, mti una kijani namna hii, nami niukate kwa mkono wangu?”

Hakuukata. Kijana alirudi mara mbili tena, na mara zote mbili alikunywa kahawa na akaondoka bila ya kusikilizwa. Mwaka wa pili miti iliyoota mafagio ilipindukia thelathini. Baada ya mwaka wa tano shamba lilikuwa vijiti vikavu, na la jirani aliyepakana naye likafuata. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ami hakupata hata ukuta wa kujenga.

Maradhi hayo Waarabu huyaita ufagio wa mchawi. Yalianza kuonekana Batina katika miaka ya 1970. Chanzo chake ni kijidudu cha jamii ya bakteria kiitwacho fitoplazma, kinachoishi ndani ya mishipa ya mti na kuchukuliwa kutoka mti hadi mti na mdudu mdogo mwenye kufyonza majani. Wataalamu walikipa jina rasmi mwaka 1995. Tawi lililoshikwa halizai. Mti hauna dawa ya kuuponya, nao hufa katika muda wa miaka michache. Lililowezekana lilikuwa ni kuukata mti wa kwanza upesi, kumzuia mdudu, na kupanda miche safi iliyokuzwa ndani ya vyandarua. Mashamba mengi ya ndimu ya Batina yalitoweka, na biashara ile kongwe ikadhoofika.

Yule kijana, basi, hakuja na mfuko wa mbolea. Alikuja na jicho lililoona miaka mitano mbele. Hicho ndicho alichokuwa nacho cha kutupa, nasi hatukukipokea.

Elimu mbili zinazokutana

Isidhaniwe kuwa ninamlaumu Ami. Alikuwa mkulima hodari, aliyeyajua maji, upepo na udongo wa shamba lake kuliko mtu yeyote. Na si kila neno la mgeni ni la kufuatwa. Sote tunaijua habari ya watu wa Madina waliokuwa wakiichavusha mitende yao kwa mikono. Mtume (S.A.W.) alipopita alisema neno lililowafanya wadhani kuwa kazi hiyo haina haja, wakaiacha, na mwaka ule tende zikatoka mbovu. Alipopewa habari aliwaeleza kuwa wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Hapo mkulima amepewa heshima yake: ujuzi wa mikono yake ni elimu.

Lakini elimu ya mkulima mmoja hufika mpakani mwa shamba lake. Maradhi mapya, mdudu aliyeletwa na meli, bei ya soko la mbali, haya hayajui mpaka. Ndiyo maana tangu zamani palihitajika watu wa kukusanya habari za mashamba mengi na kuzirudisha kwa wakulima. Ibn al-Awwam, aliyeishi Sevilla ya Waislamu katika karne ya 12, aliandika kitabu kikubwa cha kilimo ambamo miti ya matunda zaidi ya hamsini imeelezwa. Hakuyakusanya hayo vitabuni tu. Mengine aliyajaribu shambani kwake mwenyewe.

Katika zama zetu njia ya kuifikisha elimu hiyo imebadilika. Zamani afisa alikuja akahutubia, mkulima akasikiliza. Mwaka 1989 huko Indonesia, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kuanzisha utaratibu mwengine kwa wakulima wa mpunga. Wakulima hukusanyika shambani kila juma, huwahesabu wadudu wabaya na wazuri, huchora walichokiona, kisha huamua wenyewe la kufanya. Utaratibu huo ulifika Afrika Mashariki ukapata jina zuri la shamba darasa. Afisa hapo huwa ni mwenye kuuliza maswali zaidi ya kutoa amri.

Mtende na siku zake

Tuurudie mtende, kwani ndio mti unaotuhusu wengi hapa. Mtende wa kike hauzai vyema usipopata chavua ya dume, na kazi hii hufanywa kwa mkono. Dume mmoja hutosha majike hamsini hivi. Kinachopotea kwa wengi wetu ni siku. Kole la maua likipasuka, kazi ifanywe ndani ya siku chache tu. Mwenye shamba anayekuja Ijumaa hadi Ijumaa huenda akakuta siku imempita, na mwaka mzima umekwenda na siku hiyo.

Baada ya hapo bwana shamba atakwambia jambo linaloumiza roho: punguza matunda. Kata baadhi ya vikole, na katika kila kole lililobaki punguza nyuzi. Mzee mmoja wa Samail alinambia kuwa mara ya kwanza alipolifanya hilo aliona kama anaitupa riziki. Lakini mtende uliobebeshwa mno hutoa tende ndogo zenye nyama kidogo, na mwaka unaofuata mti huchoka usizae. Tende kubwa za Khalas zilizochaguliwa na kufungwa vyema zina mnunuzi wake. Zile ndogo zilizochanganyika na vumbi huishia kuwa chakula cha wanyama. Uzito uliovunwa umepungua, fedha imeongezeka.

Kisha kuna maadui. Wa kwanza ni dubas, mdudu mdogo anayefyonza majani ya mtende mara mbili kwa mwaka, katika majira ya kuchipua na majira ya vuli. Huacha utomvu mtamu unaonata. Vumbi na ukungu mweusi huganda juu yake, mti ukashindwa kupumua. Serikali imekuwa ikipulizia dawa hata kwa ndege. Lakini afisa atakuonyesha kuwa mitende iliyobanana, isiyopitisha upepo wala jua, ndiyo nyumba yake anayoipenda. Kuipa nafasi mitende na kuondoa makuti makuukuu ni kazi ya panga tu, wala haina gharama ya dawa.

Wa pili ni mbaya zaidi: mbawakawa mwekundu wa mitende, anayejulikana hapa kwa jina la susa. Asili yake ni Asia ya kusini. Aliingia nchi za Ghuba katika miaka ya 1980 na akagunduliwa Omani mwaka 1993, upande wa Mahdha. Jike hutaga mayai kwenye kidonda cha mti, na viwavi wake huula moyo wa mtende kwa ndani, hali ya kuwa kwa nje mti unaonekana mzima. Mwenye shamba huambiwa achunguze mambo mawili: maji mazito ya rangi ya kahawia yanayotoka shinani, na harufu ya uchachu. Akiyaona mapema, mti huweza kutibiwa. Huambiwa pia asikate makuti mabichi ovyo wala asiache kidonda wazi. Na kubwa kuliko yote, asilete machipukizi ya mitende kutoka wilaya nyengine bila ya kukaguliwa, hata akipewa zawadi na shemegi yake. Mdudu huyu huruka, lakini safari zake ndefu amezisafiri ndani ya magari yetu.

Mwaka 2009 Sultani Qaboos, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliamrisha mradi wa kupanda mitende milioni moja. Kupanda ni jambo kubwa. Lakini mtende uliopandwa unahitaji jicho la kuutazama kwa miaka mingi ijayo.

Maji ya chumvi

Kuna hasara nyengine isiyo na mdudu. Visima vya Batina vimevutwa kwa pampu kwa miaka mingi kuliko mvua inavyoweza kuvijaza, na maji ya bahari yakaingia chini ya ardhi kushika nafasi ya maji matamu. Mkulima huona miembe inaungua ncha za majani, akadhani ina kiu, akaizidishia maji. Kumbe anaizidishia chumvi.

Afisa mwenye kipimo kidogo mkononi huweza kulimaliza shaka hilo kwa dakika moja. Mtende hustahamili chumvi kiasi kikubwa. Mndimu na mwembe hazistahamili. Kwa hivyo huenda ushauri ukawa ni kubadili zao, au kuacha kumwagilia kwa kufurisha na kutumia mipira ya matone, ambayo humpa kila mti kiasi chake na kupunguza uvutaji wa kisima. Mtu aliyepanda miembe mia moja juu ya maji ya chumvi hakukosa bidii. Alikosa kipimo cha dakika moja.

Kutoka mtini hadi sokoni

Watu wengi wanapotaja mapato ya mkulima hufikiri juu ya mavuno. Lakini tunda ni kitu laini, na sehemu kubwa ya mali yake hupotea baina ya tawi na meza ya muuzaji.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mwembe mmoja umezaa embe 600. Embe 150 zimetobolewa na nzi zikaanguka. Embe 150 nyengine zimetikiswa zikafika chini na michubuko, au zimeunguzwa na utomvu wa kikonyo, na mnunuzi anazitoa kwa nusu ya bei. Zilizobaki nzima ni 300. Tukisema embe nzima ni baisa 100, mti uliostahiki kutoa riali 60 umetoa riali 37 na nusu. Hakuna mwizi aliyeingia shambani, wala hapakuwa na ukame.

Dawa ya hasara hii si ghali. Embe ichumwe kwa upembo wenye mfuko wa wavu, iachiwe kikonyo kifupi, iwekwe kivulini ikiwa imeinamishwa ili utomvu utoke bila ya kugusa ngozi. Isipakiwe katika magunia bali katika masanduku yasiyokuwa na kina kirefu, na zile kubwa zitenganishwe na ndogo. Kwa tende, afisa ataomba zisianikwe juu ya mchanga bali juu ya vitanda vilivyoinuliwa, au ndani ya vibanda vya plastiki angavu ambavyo hukausha upesi na kuzuia vumbi na wadudu.

Huko Jabal Akhdar, panapostawi lile tunda ambalo jina lake katika lugha yetu lina Manga ndani yake, yaani komamanga, adui ni kipepeo anayetaga juu ya tunda changa na kiwavi wake akaingia ndani. Mkulima huyafunika matunda yake kwa mifuko, moja moja, yangali madogo. Ni kazi ya kuchosha. Lakini komamanga safi la Jabal Akhdar huuzwa kwa bei ambayo tunda la kutoka nje ya nchi haliifikii, na tundu moja dogo la kiwavi huiondoa bei hiyo yote.

Juu ya yote hayo bwana shamba mwema hudai daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Aandike mkulima siku ya kuchavusha, miti iliyougua, gharama ya maji na dawa, kilo alizouza na bei ya kila mara. Mwaka wa pili daftari litamwambia ni mti gani anaulisha bure.

Miembe tuliyoiacha

Sasa tuvuke bahari, kwani wengi wetu tuna miti huko pia. Mwaka 2003 aligunduliwa katika pwani ya Kenya nzi mgeni wa matunda, aliyetoka Asia, na muda si mrefu akaenea Afrika Mashariki yote na visiwa vyetu. Hutaga mayai chini ya ngozi ya embe. Embe ikioza na kuanguka, funza hutoka wakaingia udongoni, na baada ya siku chache huibuka nzi wapya. Kwa hivyo kila embe iliyoachwa chini ya mti ni kitalu cha nzi wa wiki zijazo.

Watafiti wa kituo cha wadudu cha ICIPE, Nairobi, pamoja na maafisa wa kilimo, walifundisha njia kadhaa za kufanywa kwa pamoja: kuokota matunda yaliyoanguka mara mbili kwa wiki na kuyafunga katika mifuko myeusi juani au kuyazika kwa kina, kutundika mitego yenye harufu inayowavuta madume, kupulizia chambo cha protini katika sehemu chache tu za mti, na kuwaachia nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya nzi. Neno lenye uzito hapa ni “kwa pamoja.” Mtu mmoja akisafisha shamba lake na majirani wanane wakaacha embe zioze, amefanya kazi ya bure. Kazi ya afisa hapo ni kuwakutanisha majirani.

Faida yake ilionekana Kenya. Mwaka 2014 nchi hiyo ililazimika kujizuia kupeleka embe Ulaya kwa sababu ya nzi huyu. Baada ya miaka ya kazi, hasa katika kaunti ya Makueni ambako maeneo maalumu yalisafishwa, usafirishaji ulianza tena mwaka 2021. Soko lililofungwa na nzi lilifunguliwa na wakulima waliookota embe zilizooza.

Zanzibar nayo ina mabibi na mabwana shamba wake, wengi waliosomea Kizimbani, na shamba darasa zilienea Unguja na Pemba hasa kuanzia mwaka 2007 kwa mradi uliosaidiwa na mfuko wa kimataifa wa IFAD. Lakini sisi tulioko mbali tuna kosa letu la pekee. Tunatuma fedha. Jamaa akipiga simu kuwa miembe haizai, tunatuma fedha ya mbolea. Akipiga tena, tunatuma fedha ya dawa. Mimi na ndugu zangu tulifanya hivyo miaka minne. Mwaka wa tano dada yetu aliyeko Unguja alimwita bibi shamba wa shehia. Akatazama, akauliza suali moja: “Embe hizi zinauzwa lini?” Akaambiwa kuwa zinauzwa kwa dalali zikiwa bado maua, mti mzima kwa bei ya kukadiria. Akasema, “Basi hata mti ukizaa mara mbili, mtakaofaidi si nyinyi.”

Miaka minne tulikuwa tukimnunulia dalali mbolea. Sina chuki naye, kwani yeye alichukua hatari ya mvua na nzi, na muuzaji mwenye shida ya fedha leo hana subira ya miezi mitatu. Lakini tangu hapo fedha tunayotuma humfaa dada katika miezi hiyo mitatu, ili asilazimike kuuza maua.

Upungufu uliopo

Si haki kusifu bila ya kueleza kasoro. Maafisa ugani ni wachache kila mahali, na shamba lililo mbali na barabara husubiri. Wengine ni vijana waliosoma sana na kulima kidogo. Wapo pia wanaokuja na dawa ya kuuza, na ushauri wa mwenye kuuza dawa huishia dukani.

Na ipo kasoro ambayo ni yetu. Hapa Omani mwenye shamba huishi Maskati, na mwenye kuushika mti kila siku ni mfanyakazi kutoka Bangladesh, India au Pakistan. Afisa huzungumza na mwenye shamba kwa Kiarabu, huku mwenye panga akiwa amesimama mbali na ndoo yake. Ushauri unaingia katika sikio lisilofanya kazi. Anayestahiki kuonyeshwa kitawi kilichougua ni yule atakayekiona mwanzo. Mwite, mkalishe kwenye kahawa, afisa aoneshe kwa mkono. Kidole hakihitaji mkalimani.

La kufanya

Msomaji mwenye miti, hapa au nyumbani, anaweza kuanza na mambo haya:

1. Mwite afisa kabla ya maradhi, mara moja katika majira ya maua na mara moja kabla ya kuvuna.
2. Muulize kwanza hasara iko wapi, ndipo umuulize dawa.
3. Pima maji ya kisima kabla ya kupanda mti mpya.
4. Usilete mche au chipukizi bila ya kujua limetoka wapi na nani amelikagua.
5. Yule anayefanya kazi shambani awepo katika mazungumzo yote.
6. Fungua daftari, hata kama una miti mitano.

Mwembe wa baraza

Nimalizie na habari ya mwembe mmoja. Mwaka 1998 yalizuka Barka maradhi mapya ya miembe. Chanzo chake ni ukungu unaoingia katika mti na kuziba njia za maji, ukisaidiwa na mbawakawa mdogo anayetoboa magome. Tawi moja hunyauka, gundi ya rangi ya asali hutiririka shinani, na mti mkubwa huweza kukauka katika muda mfupi. Miembe mingi ya asili ya Batina ilikufa kwa ajili yake.

Sisi tulikuwa na miembe minane, na mmoja wao ndio uliokuwa baraza ya marehemu baba. Chini yake ndipo alipowafundisha wajukuu wake kuhesabu. Mwaka 2003 alikuja afisa, akaigusa ile gundi kwa kidole, akanitazama. Hakutaka kusema, nami nikajua kuwa amezoea kukataliwa.

Niliwaita wanangu. Tuliukata siku ile ile, tukauchoma pale pale, tukasafisha misumeno kwa dawa aliyotuelekeza kabla ya kugusa mti mwengine. Mama alikaa ndani hakutoka mpaka moto ulipozimika.

Miembe saba iliyobaki ingali hai. Kila ifikapo majira ya joto tunachuma kwa upembo, tunatenga kubwa na ndogo, na kijana wangu anaandika daftarini. Si utajiri, hulipa ada za skuli za mjukuu mmoja na maji ya kisima. Lakini siku hizi nikiulizwa shamba limeingiza nini, sicheki. Ninafungua daftari.